Twiga Aliyeshtakiwa Kunywa Mvua

Hadithi hii niliikuta ikiendelea, nikaiingia kwa mguu mbaya. Mimi Korongo, ndege wa safari, ninayejisifu kuwa hakuna bonde nisilolijua, nilitua mahali nikakuta vijana wa wanyama wanaruka, wanapiga miguu chini, wanaimba mpaka mishipa imewatoka. Nikasema hii harusi. Nikapiga vigelegele, na umri wangu huu, nikauliza bibi harusi yuko wapi. Wakanirushia madongo. Nikaelezwa kwamba ile haikuwa harusi, ilikuwa hasira.

Ukame ulikuwa umekaza. Mto ulibaki mchanga mtupu, na vijana, ambao kazi yao yote ilikuwa kulala hadi jua la utosi, walikosa hata hamu ya kulala. Ndipo Fisi alipowapa la kufanya. Aliwaambia mvua inanyesha kama kawaida, ila Mama Twiga, kwa shingo ile, anaimeza yote huko juu kabla haijawafikia walalahoi. Tangu hapo wakawa wanaamka alfajiri. Wazazi wao walishangaa, wakafurahi kidogo.

Fisi akajifanya mwenyekiti. Akatoa amri kwamba mwenye hasira ya kweli hali kitu. Chakula chote walichofungiwa na mama zao kipelekwe pangoni kwake akilinde, kisije kikawatia majaribuni. Wakapeleka. Wao wakakonda, yeye akanenepa, akasema ule ni uvimbe wa uchungu.

Siku niliyotua mimi ndiyo waliyokata shauri: jua likizama, Mama Twiga ahame bonde. Naye alikuwa na mtoto aliyezaliwa juzi, miguu bado inagongana, na nje ya bonde simba walikuwa wanasubiri. Alijaribu kuwaambia jambo, kelele zikamzidi.

Sungura akapenya katikati. Wala hakumtetea. Aliwaambia wana haki kabisa, na kwamba Mama Twiga amekubali kuitapika mvua yote sasa hivi, ila ni lazima ipokewe kinywani na yule mwenye tumbo tupu kuliko wote, kisha awagawie wenzake. Aliyekula, akasema, atapasuka.

Fisi mwenyewe ndiye aliyeutunga uongo wa mvua kooni, lakini kusikia neno kupokea tu, akauamini.

"Mimi sijaonja kitu tangu mapambano yaanze," akawahi. "Hata mate nayameza kwa aibu."

"Basi panua mdomo, Mwenyekiti," Sungura akamwambia. "Zaidi. Mvua ya bonde zima hiyo."

Fisi akapanua. Kikatoka cheuo kilichopeperusha manyoya yangu, na katikati ya meno kukaonekana kipande cha kiazi. Ngiri, kijana aliyekuwa akipiga kelele kuwashinda wote, akasogeza pua.

"Hiki kiazi cha mama yangu," akasema. "Hakuna mwingine anayekiunguza hivi."

"Nilikuwa nakilinda," Fisi akajibu. "Nimekilinda kwa ndani."

Wakamtoa bondeni mbio, tumbo likiburuzika mchangani.

Waliporudi walikaa chini, na Ngiri ndiye aliyeonekana kuumia zaidi. Aliniambia hasira ile ilikuwa kitu cha kwanza kilichowahi kumwamsha asubuhi, na sasa hajui kesho ataamkia nini. Nilitaka kumpa busara niliyookota safarini. Nikajipekua, nikakuta sina.

Mama Twiga naye akapata nafasi ya kusema lile jambo lake. Kutoka kule juu, alikuwa akiona majani mabichi yameota pale mto unapokata kona. Chini ya mchanga ule kulikuwa na maji. Alikuwa anajaribu kuwaambia tangu siku walipoanza kumpigia kelele.

Ngiri akasimama, macho yakamng'aa tena.

"Sasa tumshinikize nani atutolee?" akauliza. "Tuandamane kwa nani, mama?"

Mama Twiga akaishusha shingo yote mpaka wakatazamana uso kwa uso.

"Wewe ni ngiri," akasema. "Chimba."