Injini Mpya ya Bi Sauda

"Mwomba mbio aombe na breki." Mmemsikia dereva akimwambia mwenzake pale stendi, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe, simu mfukoni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Soni, tena haikuanzia kwa wahenga wenye ndevu nyeupe. Ilianzia gereji.

Bi Sauda alikuwa na kipanya kikuukuu, kibasi cha kuteremshia kabichi na karoti za akina mama wenzake mpaka Mombo. Kurudi ndiko kulikomtesa. Kilipanda mlima kikikohoa, kikipumzika njiani mara tatu, na watembea kwa miguu wakampita wakimpungia mkono. Akichelewa, safari ya pili haipo, karoti zinanyauka. Akina mama wakaanza kunong'ona kwamba watatafuta gari lingine. Hilo lilimkata maini, maana tangu awe mjane, gari hilo ndilo lililowalisha yeye na wanawe.

Basi akapata injini ya dizeli ya kisasa, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Nguvu zake karibu mara mbili ya ile ya zamani! Sauda akatangaza soko zima, "Ijumaa mtaniona nikiupanda mlima huu kama tambarare!" Mdomo huo! Alhamisi akaenda kwa fundi Shemweta.

Shemweta aliigonga injini, akaisifu. Kisha akaingia chini ya kipanya, akakaa huko mpaka Sauda akachoka kungoja.

"Fundi, umesinzia?"

"Sijasinzia, mama. Injini inaingia, vishikizo vya kuibeba nitavichomelea. Lakini mbona unanieleza kupanda tu? Kuteremka je?"

"Kuteremka hakuna shida. Mwaka wa kumi na moja huu!"

"Kwa mwendo wa kobe, mama."

Akapakia viroba vya mchanga mbele, sawa na uzito ambao dizeli ingeongeza. Akampeleka kwenye kiteremko kifupi nyuma ya gereji, ambacho mwishoni kina mwinuko wa kulisimamisha gari. "Shuka kwa mwendo ule uliowaahidi watu sokoni. Pale kwenye mchongoma, simama."

Sauda akashuka. Kwenye mchongoma akakanyaga breki. Akakanyaga tena, kwa miguu yote miwili. Mchongoma ukapita, harufu ya kuungua ikajaa ndani, na gari likaja kusimama kule kwenye mwinuko, lilipotaka lenyewe. Alibaki ameung'ang'ania usukani. Akilini aliwaona akina mama wote anaowapakia kila siku, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Shemweta akafika akihema. "Injini nitakufungia hata leo, ni mali yako. Lakini sitaki kula wali wa matanga niliyoyasababisha mimi. Ukiomba mbio, mama, omba na breki."

"Na Ijumaa? Si watanicheka!"

"Watacheka. Anayecheka yuko hai."

Sauda akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Haya. Anza na breki."

Ilichukua majuma matatu: breki kubwa zaidi, springi za mbele, mabomba mapya ya breki. Injini ikangoja chini ya turubai. Na kucheka, walicheka kweli. Akiwaeleza kuwa fundi kasema breki kwanza, wakazidi kucheka, wakampachika jina, Bi Ijumaa.

Hatimaye injini ikafungwa, na kipanya kikaupanda mlima bila kupumzika hata mara moja. Wiki hiyo hiyo, Sauda akiteremka na mzigo na akina mama sita, wakakuta mvua imeporomosha jiwe katikati ya kona. Akakanyaga mara moja tu. Kipanya kikasimama. Kabichi zikabingirika mpaka miguuni, na kati ya bampa na jiwe pakabaki hatua mbili.

Kisha mwanamke mmoja, yule aliyeongoza wenzake kumwita Bi Ijumaa, akauliza kwa sauti ndogo, "Sauda, hivi fundi alikwambiaje?"

Mwanamke huyo ni mimi, bibi yenu. Na Sauda hakunisimanga. Alinigeukia, akanijibu: "Mwomba mbio aombe na breki."