Ndani ya Ukuta Mmoja

Kuna watu ambao swali huwakwama kooni kama mwiba wa samaki. Hawalimezi wala hawalitemi, kwa kuogopa kuonekana washamba. Fundi saa alikuwa mmoja wao. Dukani kwake yeye ndiye aliyeulizwa, na hakukosa jibu.

Siku hiyo alikuwa akisafiri kwenda ng'ambo kwa dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, asipate nafasi ya kujifunza kuandika. Saratani ilikuwa imemla dada koo, na madaktari walisema wakishampasua hatatoa sauti tena. Naye aliomba jambo moja tu: azungumze na mdogo wake kwanza, ana kwa ana, wala si kwa simu.

Katika uwanja wa ndege, fundi alianza kuchanganyikiwa kwenye kaunta ya mizigo. Karani alimtolea sandukuni sigara ya kielektroniki, ile aliyonunuliwa na mkewe ili aachane na tumbaku, akamweleza kuwa betri yake hairuhusiwi kukaa tumboni mwa ndege, aibebe mkononi. Fundi aliitikia kwa kichwa ingawa hakuelewa. Hatua chache mbele, akakuta picha ya sigara iliyopigwa mstari mwekundu. Mbona huku wanampa, kule wanamkataza? Akajipigia hesabu: mstari ule ni wa sigara yenye moto na majivu, na yake haina moto wala majivu. Tena ingekuwa haramu, si wangemnyang'anya?

Binti wa dawati la maelezo alikuwa ameketi bila mteja. Fundi akamtazama, akampita kama hakumwona. Mtu mzima amuulize binti wa rika la mwanawe mahali pa kuvutia sigara?

Alipomfikiria dada, hamu ya kuvuta ikamshinda. Akaingia msalani, akavuta mara mbili. King'ora kikalia.

Alimweleza mlinzi kwamba ule ulikuwa mvuke tu, na kwamba wao wenyewe ndio waliomkabidhi sigara ile. Mlinzi akashusha pumzi.

"Kubeba ni ruhusa, mzee. Kuvuta ndiko marufuku. Chumba cha kuvutia kiko nyuma ya ukuta huu huu. Ungeuliza tu."

Mahojiano hayajaisha, ndege ikaondoka.

Alifika kesho yake. Mpwa wake alimpokea mlangoni pa wodi, macho yamemvimba, akamwambia mama alikuwa akimuulizia hata kitanda kilipoanza kusukumwa kwenda chumba cha upasuaji.

Dada alipozinduka, alimtambua. Midomo ikacheza, sauti isitoke. Fundi akainama mpaka sikio likaigusa ile midomo, asiambulie kitu.

"Dada, unasemaje?"

Midomo ikacheza tena.

"Sijaelewa, dada. Niambie tena."

Wauguzi walikuwa wakimtazama, naye hakujali. Aliuliza na kuuliza kama mtoto mdogo, hadi dada akachoka, akafumba macho, na maneno yake akabaki nayo mwenyewe. Hapo ndipo fundi alipojua, maji yakiwa yamekwisha kumwagika, kwamba kuuliza si ujinga.