Kinoo cha Fundi Machano

Bwana Suleyum, mwenye karakana kubwa, alikuwa na kinoo ambacho hakumwazima mtu. Fundi Machano alikwenda kukiomba, maana patasi zake zilikuwa butu na kitanda cha bibi harusi kilitakiwa kesho yake. Alifukuzwa.

Akarudi na mkoba wa patasi zake na kitu kigumu cha rangi ya kahawia, kikichungulia kidogo kitambaani.

"Nimepata kinoo kinachokishinda chako."

"Mwongo wewe. Lete patasi."

Suleyum akanoa moja kwa kinoo chake, akapima makali kwa kunyoa nywele za mkono wake. Zikatoka zote.

"Hiyo ni rahisi," alisema Machano. "Hii nyingine hutaiweza."

Suleyum akanoa mpaka patasi za mkobani zikaisha na mikono yake ikabaki kama ya mtoto mchanga.

"Lakini hujazisugua kwenye ngozi ziwe kama wembe," Machano akasema.

Suleyum akavua mkanda, akaupaka mafuta na majivu, akazisugua huku ameibana suruali kwa magoti.

"Haya, toa chako tuone."

"Nimeshindwa, bwana," Machano akasema, akabeba patasi zake.

Nyumbani alikaa kunywa chai, akakichovya kinoo chake, akakiuma.

"Mkate huo si nilisema uwape kuku?" mkewe akauliza. "Umekauka kama jiwe."

"Hata Bwana Suleyum aliona hivyo hivyo," Machano akajibu, akitafuna.