Jina Moja kwenye Saruji ya Lemoti

Hapo zamani, si za mababu bali za juzi juzi tu, kijiji cha Lemoti kilikuwa na maji tele, lakini maji yenyewe yalidhuru. Watoto waliota meno ya kahawia, miguu ikapinda.

Chuo kikuu kikatuma wasomi watatu wafanye kazi pamoja: Mbazigwa, bingwa wa miamba, Nashipai, bingwa wa kemia, na Tunu, bingwa wa mila na desturi.

Nashipai akapima maji ya kisima cha kijiji, akakuta madini ya floraidi, yanayoharibu meno na mifupa, yamepita kiasi. Lakini siku hiyo hiyo mkuu wa chuo alimsifu Mbazigwa mbele za watu. Wivu ukamkaba Nashipai. Vipimo akavifungia kabatini.

Tunu akakaa na akina mama. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, mbuzi wanaokunywa chemchemi ya mlimani meno yao ni meupe. Tatizo kiangazi inakauka." Tunu hakuwaambia wenzake, maana Mbazigwa alishamcheka: "Wewe kazi yako kuokota hadithi."

Mbazigwa naye, akiogopa kutanguliwa, akachimba peke yake bondeni. Maji yakatoka. Yalikuwa yale yale.

Mwaka ukapita, watoto wanakunywa. Ndipo mama mmoja, Naisiae, akaingia kwenye mkutano wa wasomi hao amembeba binti yake wa miaka saba, hawezi tena kusimama. Akamweka mezani, juu ya makaratasi yao.

"Kijiji kizima kinaona mnavyooneana wivu," alisema, "na mwanangu ndiye anayelipa. Kila mmoja aseme anachojua. Sitoki hapa."

Wakasema. Tunu akaonyesha chemchemi. Mbazigwa akafuata mwamba wa chemchemi hiyo, akachimba hadi kwenye maji yasiyokauka kiangazi. Nashipai akapima, akasema, "Haya ni salama. Kunyweni."

Kijiji kikashangilia. Mwenyekiti wa kijiji akashika msumari wa kuandikia mbele ya saruji mbichi ya kisima kipya: "Nafasi ni ya jina moja, la aliyetuletea maji haya."

"Bila mimi msingejua mnachokunywa," alisema Nashipai.

"Bila mimi msingejua pa kwenda," alisema Tunu.

"Bila mimi kiangazi mngerudia sumu," alisema Mbazigwa.

Wakaanza kutazamana kwa macho yale ya zamani. Naisiae hakudai kitu. Wanawake ndio waliopaza sauti: "Bila Naisiae nyinyi watatu mngekuwa kimya mpaka leo!"

Saruji inakauka, mwenyekiti bado kainua msumari. Haya, wenzangu, msumari ungekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?