Misuli ya Mwalimu Anastase

Mwenye haja ya kitu kilicho chini hushusha kwanza kichwa chake. Mwalimu Anastase aliujua ukweli huu kwa ajili ya wengine. Kwake mwenyewe ulimfikia kwa njia ya misuli.

Kwa miaka kumi na sita alikuwa amefundisha michezo kule Bunagana, akipuliza filimbi mpaka ng'ombe wa jirani wakajipanga mstari. Vita vilipofika, yeye na mkewe Mukashyaka walikimbia na godoro na sufuria moja. Diploma ikabaki ukutani, ikateketea pamoja na nyumba. Sasa waliishi katika kambi ya wakimbizi ya Kibati, ndani ya hema la turubai. Shule moja ya Goma ilimtaka, ila mkuu wake alisema, "Papa, kwa kuwa diploma imeungua, fanya kwanza mtihani wa nadharia ya elimu ya viungo."

"Nadharia?" Anastase alicheka, akajipiga kifua. "Mimi ndiye nadharia yenyewe!"

Hakufungua daftari hata moja. Alipoulizwa ataje misuli mitatu ya paja, aliandika: "Wa kulia, wa kushoto na wa akiba." Alipoulizwa atamfanyia nini mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu, alijibu: "Nitapuliza filimbi." Akapata nne juu ya ishirini. Mtihani wa marudio ulikuwa baada ya wiki tatu.

"Nenda kwa Daniella," mkewe akamshauri. Daniella alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuwa sasa akisomea ualimu na kuuza viazi mtaani Majengo. Katika mtihani huohuo alikuwa amepata kumi na saba.

"Nifundishwe na mutoto niliyemufundisha kuruka kamba?"

"Kamba unaijua. Misuli ndiyo huijui. Ao unataka tuzeekee humu ndani ya turubai?"

Maneno hayo yalimwasha kama pilipili. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu upepo ulirarua hema, naye akashika njia ya Majengo.

"Mutoto wangu," alianza, kisha akainamisha kichwa. "Nisaidie. Sijui kitu."

Daniella hakucheka. Alimketisha kwenye kigoda, magoti yakakaribia masikio, akamfundisha kila alasiri kuutaja msuli huku akiugusa mwilini mwake mwenyewe. Watoto wa uani walimzunguka kama kuku waliomwagiwa mchele. "Hapana, muzee! Huo ni wa mukono!" walimsahihisha kwa sauti moja. Aliona aibu, lakini kesho yake alirudi.

Siku ya marudio, Anastase alijikanda paja, akaandika. Akainama, akapapasa shavu la mguu, akaandika tena. Msimamizi akamjia mbio kama askari wa forodha.

"Papa, unaficha nini ndani ya suruali?"

"Mguu, mama."

Aliamriwa akunje suruali mbele ya wote. Karatasi haikuonekana, ulionekana mguu tu, mwembamba kama wa korongo. Chumba kizima kikaangua kicheko. Zamani angetoka kwa kishindo. Safari hii aliishusha suruali taratibu, akaendelea kuandika.

Alipata kumi na nne. Kabla hata ya kumpasha mkewe habari, alikwenda Majengo, akavua kofia mbele ya meza ya viazi.

"Asante, Mwalimu," alimwambia Daniella.

Shule ya Goma ikampa kazi, na mwezi haukuisha kabla Mukashyaka hajapika chini ya paa la bati. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.