Kadi Nyekundu ya Kisu

"Usipoipangia mashine siku, itajipangia yenyewe." Mmeisikia kwa mafundi, na mnauliza imetoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Katika kiwanda kimoja cha kufungasha chai, Rungwe, Tusekile alisimamia mashine ya kukata pakiti. Kisu chake, kirefu kama mkono, kilishikiliwa juu na springi. Karatasi ilipokwama, mashine ilizimwa, naye akaingiza mkono chini ya kisu kuitoa.

Springi ilipaswa kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukutani palikuwa na kibao chenye misumari, mmoja kwa kila wiki, na kadi nyekundu ilining'inia kwenye Jumatatu ya matengenezo. Lakini ulikuwa msimu wa chai nyingi. Kila Jumatatu hiyo ilipofika, msimamizi, Bwana Mwakitalu, aliisogeza kadi msumari mmoja mbele. Aliisogeza mara tano.

Tusekile alikuwa akipima. Mashine ikizimwa, kisu kilipaswa kutulia. Wiki ya pili kilishuka upana wa kidole. Wiki ya nne, vidole viwili. Jioni akinawa, aliitazama mikono yake kana kwamba ameiazima.

"Bosi, kisu kinashuka chenyewe."

"Kazi ya kisu ni kushuka, dada. Siku kikipanda, niite."

Akaja na mwiko kutoka nyumbani, akawa anatolea karatasi. Wenzake hawakumwacha.

"Tuse, ugali umeiva?"

Alhamisi moja karatasi ilikwama. Alikuwa akiichokoa polepole Mwakitalu alipomfikia.

"Tia mkono. Lori linangoja."

Tusekile hakuuachia mwiko. Kazi ile ndiyo iliyomlisha. Mikono ile ndiyo iliyoifanya.

"Sitii, bosi."

"Basi lete."

Mwakitalu akaunyakua mwiko, akausukuma ndani. Springi ikakatika. Msimamizi akabaki na mpini. Kichwa cha mwiko kililala kwenye chai, kimekatwa sawasawa. Hakuna aliyecheka.

Springi ya akiba haikuwapo. Mpya ingetoka Dar es Salaam, na ilichukua siku tisa, chai ikirundikana hadi mlangoni. Lakini saa ile Mwakitalu alisimama tu mbele ya kibao, mpini mkononi. Kadi ilikuwa bado kwenye Jumatatu ijayo.

"Leo Alhamisi," akasema kwa sauti ndogo. "Nani aliipangia Alhamisi?"

Tusekile alikuwa ameificha mikono kwapani. Yote miwili, mizima.

"Usipoipangia mashine siku, bosi, itajipangia yenyewe."