Mbu Mpima Damu na Kiboko Aliyetaka Utamu Wote

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Kitanda?

Cha kulalia.

Miguu?

Ya kutembelea.

Na damu?

Izunguke!

Haya, sasa mmeamka. Wewe Mwanakombo, sogea huko, umenikalia kanga.

Hapo kale, kwenye bonde moja lenye majani mengi, alikuwapo Kiboko, mwenyekiti wa bonde. Na alikuwapo Mbu, mpima damu. Nani anacheka? Kwao ndiyo ilikuwa desturi. Kila mwezi ukiandama, kila mnyama alinyoosha sikio, Mbu akatua, chwi, akaonja tone moja, akatoa majibu. Tone hilohilo ndilo ujira wake. Hakuna aliyempiga kofi, maana ukimpiga kofi mpimaji, hali yako utaijulia wapi?

Basi kikaja kikohozi. Huku kho, kho, kho. Kule kho, kho, kho. Kakakuona akafa, Digidigi akafa na mumewe. Kiboko akatangaza, "Kila mmoja na nyumba yake. Nitakayemwona nje nitamtafuna." Ilikuwa amri ya haki, asije mtu kesho akasema nimeipinga. Wanyama wakajifungia. Kikohozi kikazunguka bonde zima kikitafuta wa kumpanda, kikakosa, kikaenda zake.

Kikohozi kikaondoka, amri ikabaki.

Maana Kiboko alishaonja raha. Bonde lote lake peke yake! Asubuhi majani, mcharu mcharu. Mchana majani, mcharu mcharu. Jioni vilevile. Akisikia mlango wa mtu unalia kri, anafungua domo lake lile, meno nje, anasema, "Ugonjwa bado upo." Mlango unarudi, kri. Na huko ndani watu wanafanya nini? Wanakula muhogo wa akiba, wanalala. Wakiamka, wanakula muhogo, wanalala.

Mbu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutembea. Mwezi ulipoandama akaanza kazi, ng'wiii, mpaka kwa Ngiri.

"Hodi."

"Karibu."

"Nyoosha sikio."

Chwi. Damu ya Ngiri ilikuwa imejaa mafuta, Mbu akaivuta kwa taabu.

"Ngiri, umefanya nini?"

"Nimekaa."

Ng'wiii, mpaka kwa Mjusi.

"Hodi."

"Karibu."

"Nyoosha sikio."

Chwi. Damu baridi. Najua, najua, damu ya mjusi siku zote ni baridi. Lakini hii ilikuwa baridi ya kuumwa.

"Mjusi, umefanya nini?"

"Nimekaa. Jua nalisikia tu likitajwa."

Ng'wiii, mpaka kwa Mama Pongo. Huyu Mama Pongo ndiye aliyempa Mbu tone lake la kwanza, enzi hizo Mbu hata kuruka hajui vizuri, anagonga kuta. Mbu alimpenda kama mama aliyemzaa.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu."

"Nyoosha sikio."

Chwi. Mbu akayumba, akaanguka chali.

"Mama, umekula asali?"

"Asali niipate wapi? Nimekaa tu, mwanangu. Nakula muhogo, nalala. Miguu imevimba, kiu haikatiki, na macho yanaona ukungu."

Mbu akatokwa na machozi. "Sukari imepanda, mama. Usipotoka ukatembea, mwezi mwingine nitakuja nisikukute."

"Nitembee wapi, na domo lile liko nje?"

Mbu akaenda moja kwa moja kwa Kiboko. Hakuzunguka, hakupoa.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba." Mcharu mcharu.

"Kikohozi kimekwisha. Nimeonja bonde zima, sikukiona kwa mtu. Ila watu wanaumwa kwa kukaa."

"Kukaa hakujamuumiza mtu."

"Mama Pongo atakufa."

"Asiwe na wasiwasi. Majani yake nitamlia."

Mbu hasira zikampanda. Lakini hasira za mbu kiboko atazihisi wapi? Ngozi yote ile sindano haipiti, labda nyuma ya sikio. Basi Mbu akameza hasira zake, akatua hapohapo nyuma ya sikio, chwi. Akaonja. Akatema, ptuu.

"Vipi majibu?" akauliza Kiboko.

"Ya kawaida."

"Ya kawaida vipi, na mimi ni mwenyekiti?"

"Ndiyo damu ya mtu anayezunguka, mwenyekiti. Kutwa uko juani, unapanda, unashuka. Imebaki damu tu, haina kitu. Siyo kama ya Mama Pongo."

"Ya Mama Pongo ina nini?"

"Tamu."

Kiboko akaacha kutafuna. "Tamu kiasi gani?"

"Mpaka nimeanguka chali. Na Ngiri ana mafuta kwenye damu, achilia mbali ya mwilini."

"Wameyatoa wapi?"

"Wamekaa ndani."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa amri yako, mwenyekiti. Humo ndani wanakuombea dua."

Sasa sikilizeni. Hapo Mbu hakusema uongo hata kidogo, isipokuwa hilo la dua.

Kiboko akatetemeka mashavu. "Yaani mimi nahangaika na jua, wenzangu wamejificha wanatia utamu? Kwa amri yangu mwenyewe?"

"Mimi sikutaka kusema."

Kiboko akakimbia bonde zima, gudu gudu gudu, anagonga milango. "Tokeni nje! Tokeni, wezi wa utamu nyie! Nitakayemkuta ndani nitamtafuna. Wa kukaa ni mimi!" Kisha akajitupa kwenye dimbwi lake, chubwi, akatulia.

Milango ikalia. Kri. Kri. Kri. Ngiri akatoa pua. Mjusi akatoa kichwa, akaliona jua, akajianika. Wakatazamana, wakacheka, wakakumbatiana, kisha kila mtu akavuta pumzi moja ndefu. Ee Mungu, kumbe hewa ni tamu hivi. Mama Pongo akatoka mwisho, ameegemea ubavu wa Ngiri, akapiga hatua, akapumzika, akapiga nyingine. Mbu yuko juu ya kichwa chake anamhimiza, ng'wiii, twende mama, ng'wiii, mpaka mtoni. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena.

Mwezi ukaandama.

"Nyoosha sikio, mama."

Chwi. Mbu akasubiri aanguke, hakuanguka. Akaonja tena, ili awe na hakika.

"Imeshuka, mama."

Mama Pongo akaketi chini analia kwa furaha.

"Mama, inuka," Mbu akamwambia. "Mambo ya kukaa tumeshayaacha."

Na Kiboko je? Yumo dimbwini, ananeemeka. Kila mwezi anauliza, "Inapanda?" Mbu anamjibu, "Inapanda, mwenyekiti." "Nimewapita?" "Umewapita wote." Kiboko anacheka mpaka maji yanamwagika. Lakini ikafika siku hata kichwa kukiinua ni shida, na Mama Pongo, moyo wake ulivyo mwepesi, akasema, "Mwanangu, huyu naye ana roho. Mtafutie njia."

Mbu akaenda nyuma ya sikio. "Mwenyekiti, utamu wote umetuama tumboni. Jioni uwe unatoka utembee kidogo, ukorogeke."

Kiboko akaona maneno yana akili. Mpaka leo mchana kutwa yumo majini, analinda utamu wake. Jua likizama anatoka kwenda kuukoroga. Bonde zima linampisha, wanamsalimia kwa heshima, na hakuna aliyemwambia ukweli mpaka leo.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda aniachie hapahapa nilipo.

Na funzo lake ni hili: mkimsikia mbu anaimba, msimpige, tupeni na vyandarua huko. Mnyoosheeni sikio, awape majibu yenu. Nani huyo ameuliza habari ya malaria? Inuka uzunguke nyumba, damu imekuganda wewe.